UZI: Kupenda vya kale Mombasa – leso, picha za studio, hadithi na mkate wa sinia (ni mrefu, shuka na kahawa yako)

Mvita_Ndotoni

Assalam aleikum, na wasiokuwa Waislamu hamjambo.

Nyumbani naitwa bibi kizee, kazini naitwa bibi kizee, na sasa hata wauza mitumba wa Kongowea wamelijua jina. Wakinipata nimeshika gauni la maua, kiuno kimebanwa na sketi imemwagika kama za miaka ya sitini, hunambia, "Dada, hiyo ni ya nyanyako, ngoja nikutolee kamera." Mimi hiyo kamera yao siitaki.

Nikiri basi: mimi ni mtu wa ndoto. Mchana nashughulika na makaratasi ya mizigo, usiku nachora, naokota picha za zamani, nawafuata wazee wanipe hadithi, na Ijumaa hupika vile alivyopika nyanyangu. Ila sababu yangu sio ile inayodhaniwa. Wengi wakisikia mtu apenda vya kale humdhania yuwalilia dunia iliyotulia, watu wote wana adabu na nguru ni bei ya bure. Dunia hiyo haikuwako. Mimi ninachokipenda kwa mabibi zetu ni kuwa walikuwa watu wa mtindo, wakikimbilia kipya kutushinda sisi.

Tuanze na leso, hizi ziitwazo pia kanga. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mkononi zilizokuja zimeungana kwa jora. Wanakata sita, wanazishona tatu juu na tatu chini, nguo imepatikana. Hakuna aliyewafundisha. Wafanyabiashara walipoona hivyo ndipo wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa tayari, yenye pindo na mji wake (uwanja wa katikati). Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo mji mzima twalijua kwa Mali ya Abdulla, lipo Mtaa wa Biashara tangu 1887, na yasemekana wao ndio waliotangulia kutia jina, yaani ule usemi ulioandikwa, kwenye leso. Majina ya mwanzo yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu, za Kizungu zikaja baadaye. Miaka ya 1950 leso nyingi zilikuwa zachapwa Japani! Sasa niambieni, hiyo ni nguo ya kukaa kale? Mchoro ukitoka leo, wiki ya pili wauliziwa kila nyumba. Asiyekuwa nao hatoki.

Na jina nalo lilikuwa ujumbe wa kutumwa kwa mtu maalumu. Mke mwenza apita na "Kelele za mlango haziniwasi usingizi", wewe wamjibu kesho yake na "Usisafirie nyota ya mwenzio". Bila ya bando.

Nitaendelea na picha. Wenye leso za zamani makashani semeni mnazo gani.

Kijana_wa_Majengo

Dada nakuheshimu, lakini hizi ndoto zenu zatuchosha. Kila Jumamosi Ndia Kuu, kule Mji wa Kale, yajaa watu waliovaa kanzu za kukodi, wanasimama mbele ya mlango wa kuchonga, wanapiga picha, wanaondoka. Mwenye mlango yuko ndani, paa lavuja, hana pesa ya fundi. Hakuna hata mmoja aliyebisha hodi akamuuliza habari yake. Vya kale vyapendwa na wasioishi navyo.

Mvita_Ndotoni

Kijana, hapo sina la kukupinga. Nyongeza yangu ni hii: mlango ule ulipochongwa ulikuwa ni majivuno ya pesa mpya. Tajiri alikuwa amepata, akamwita fundi amchongee mfaa (nguzo ya katikati ya mlango) na miimo ili jirani aone. Tukiupiga picha kama kaburi twamkosea yule tajiri na twamkosea fundi. Mafundi wa kuchonga wangaliko mji huu. Ukiwa na pesa ya kamera ya laki, mwagize fundi hata kifua kidogo cha kutilia vipuli, aendelee kula kwa mkono wake.

Na ukienda Fort Jesus usikimbilie mizinga. Tafuta michoro waliyoichora Wareno ukutani, mkaa na udongo mwekundu, meli na watu. Ngome ilianza kujengwa 1593, na ndani yake palikuwa na mtu aliyekaa na kibanzi cha mkaa akachora meli, pengine akitamani kurudi kwao. Mimi husimama pale mpaka askari wa zamu anikohoe. Sanaa nyingi ninayoipenda ni ya namna hiyo, ya mtu aliyekuwa na ukuta na muda.

Sanaa nyengine ya kwetu ni hina, na hii wala haihitaji jumba la makumbusho. Ila nawaomba mabibi harusi: hina ya majani ndiyo hina. Ile piko nyeusi ya kopo ni rangi ya nywele, na kuna ngozi zimebabuka kwa ajili yake. Maua mazuri, malengelenge wiki mbili.

Shangazi_Kuze

Nimesoma yote bila miwani, mnione bado nimo.

Picha za studio usinambie mimi, nilikuwako. Sikukuu ya Idi tulipanga foleni mpaka nje. Tuliingia na buibui, ndani twalivua, chini yake kuna gauni limeshonwa wiki hiyo hiyo kwa mtindo tuliouona kwenye filamu. Mpiga picha yuwakwambia geuza shingo, shusha kidevu, tazama kule kama waona mtu. Ukitaka, wakupa redio ya mkononi uishike, ya studio hiyo, si yako. Dada yangu aliishika redio ile kama ya kwao! Babetu hakuiona picha hiyo mpaka anakufa.

Mvita_Ndotoni

Shikamoo shangazi. Redio ya studio! Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naitafuta.

Kwa wasiojua: hapa Mombasa kulikuwa na mpiga picha anayeitwa Narandas Parekh, aliyekuwa na studio tangu miaka ya 1940. Zitazameni picha zake mkizipata. Wapenzi wameegemeana, wanawake wamejipamba, na filamu za Kihindi zimeingia mpaka kwenye namna mkono unavyowekwa shavuni. Baadaye, miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walifanya ya kwao: vibanda vilivyopambwa, mandhari nyuma, maua ya plastiki, na mtu wa bara aliyekuja kutafuta kazi apigwa picha ya kutuma nyumbani, aonekane amefika.

Nguo za kale nampenda mtu azivae hivyo, kwa kucheza. Mimi gauni la mitumba nalivalia na makubadhi ya ngozi, juu natupa leso, na kikuba cha asmini nikienda harusini. Hakuna nyanya aliyevaa hivyo. Nazivaa mimi.

Na muziki ndio hivyo hivyo. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, watu wa leo wamtaja kama ndiye asili yenyewe ya taarabu ya Mombasa. Sasa zisikilizeni tuni zake: nyingi ni za filamu za Kihindi, zikatiwa ushairi wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, uliokomaa, mwingi wa binamu yake Ahmad Nassir. Wazee wa wakati ule walimnung'unikia. Leo twamlilia yeye na twamnung'unikia kijana wa sasa mwenye kinanda cha umeme.

Mpwa_wa_Bara

Mimi ni wa Nakuru, nimeoa Mombasa, nasoma tu kwa adabu. Mlisema kuna mkate wa sinia. Mke wangu yuwaukumbuka lakini hajui kuupika, mamake alikufa mapema. Nisaidieni. Na je, lazima makaa?

Mvita_Ndotoni

Mpwa, karibu jikoni. Kaa, hii ndiyo sehemu yangu.

Twaa mchele vikombe viwili, wa kawaida, usio wa kunukia sana. Uroweke usiku kucha. Asubuhi uchuje, uusage na tui zito kikombe kimoja na nusu, iliki uliyoitwanga mwenyewe, na hamira kijiko kidogo. Usage mpaka ukiupapasa kati ya vidole husikii chembe. Chembe ndiyo inayoufanya mkate kuwa mchanga mdomoni. Tia sukari robo tatu ya kikombe, wengine huongeza ute wa yai. Funika, uwache uumuke mpaka uone mapovu juu.

Sufuria yako ipake samli, iweke motoni ipate moto kwanza. Hapa wengi ndipo wanapoharibu: wanamimina kwenye sufuria baridi, mkate unashika chini. Ukimimina lazima usikie sauti. Moto wa chini uwe mdogo. Kingo zikianza kukauka, funika kwa kifuniko cha bati na utie makaa juu yake, upate rangi. Ukitoka uwe na matundu matundu ndani, na juu hudhurungi. Ukate uliwe na kahawa tungu, au na mbaazi kama ni asubuhi.

Kwa oveni pia yawezekana: anza juu ya jiko, kisha utie ndani moto wa nyuzi 180 za Selsiasi. Hutapata ule moshi kidogo wa makaa, lakini ni mkate wa sinia na usikubali mtu akwambie sio.

Mambo mengine ya jikoni ambayo watu hupigania wakidhani ni imani: nyanya kwenye pilau (mimi sitii), viazi kwenye pilau (natia), na kama biriani ya kweli ni ya kuku au ya mbuzi. Lakini hebu kumbukeni kwamba kiazi, nyanya, muhogo, mahindi na pilipili vyote asili yake ni Amerika, vikaja huku baada ya hao hao Wareno kufika. Sima yenyewe ya mahindi ni mgeni. Ile ya mtama ndiyo mwenyeji.

Kijana_wa_Majengo

Sasa hapo kuna kitu. Lakini umesema "usage". Usage na nini? Nilidhani watu wa kale mnatwanga. Blenda si usaliti?

Shangazi_Kuze

Mwacheni nijibu mimi.

Mwanangu, nyinyi mwakumbuka harufu ya kinu. Mimi nakumbuka mabega. Twaamka alfajiri, mchele umerowa, watwanga, wachekecha, warudia kutwanga. Kisha nazi, umekaa kwenye mbuzi mguu mmoja huku mmoja huku, vidole vimekwaruzika. Siku blenda ilipoingia nyumba yetu mamangu aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama redio. Alishukuru Mungu. Mtu akinambia chakula cha kinu ni kitamu zaidi namwambia njoo utwange basi, mimi nitakula.

Mvita_Ndotoni

Hahaha, kitambaa cha kufuma juu ya blenda! Shangazi ameufunga mjadala wa kinu.

Mie blenda naitumia bila haya, hata kwa nazi. Nazi ikatwe vipande, isagwe na maji ya vuguvugu, ikamuliwe kwa kifumbu au kitambaa safi. Mkamuo wa kwanza ni kasimile, weka kando. Rudisha machicha, maji tena, kamua: hilo ndilo tui jepesi. Nimeonja ya mbuzi na ya blenda, sikuona la kuzigombanisha.

Ninachokikataa ni tui la pakiti, na sababu yangu ni ya kazi, sio ya mapenzi. Mapishi yetu yahitaji matui mawili. Mbaazi huivishwa na tui jepesi pamoja na kitunguu na pilipili, mpaka zikilainika ndipo wamwagia kasimile, moto mdogo, wakoroga upande mmoja, hufuniki, lisije likakatika. Samaki wa kupaka vile vile: kolekole au changu yuko juu ya makaa, na kasimile lenye ukwaju, thomu (kitunguu saumu), tangawizi na pilipili lapikwa pembeni mpaka liwe zito la kupakika. Tui la pakiti limetiwa vitu vya kulishikanisha, halina la kwanza wala la pili. Ukilitumia hujafanya dhambi, lakini umeipoteza ile hatua ya mwisho iliyokuwa ndiyo ladha yenyewe.

Kwa hiyo kipimo changu, Kijana, ni hiki unachokiona. Mashine ikipunguza mabega na ladha ikabaki, karibu nyumbani. Ikiondoa hatua, hapana. Sijali iligunduliwa mwaka gani.

Baharia_Likoni

Mmeongea nguo na tumbo. Hadithi je? Mimi nina watoto watatu, nikisema "Paukwa!" wananitazama kama nimeumwa. Zamani ukisema tu, nyumba nzima "Pakawa!" na wewe wateremka nayo: kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi... Sasa simu zimewameza.

Mvita_Ndotoni

Kaka, anza na vitendawili, hadithi zifuate. Kitendawili ni mashindano, na mtoto hawezi kukataa mashindano. "Kuku wangu katagia mibani." Akishindwa akupe mji, wewe uende mji huo, urudi na habari za huko za uongo mtupu, ndipo umpe jibu lake, nanasi. Hapo kwenye habari za mji ndipo hadithi inapoingia bila kubisha. Watoto wa jirani yangu sasa washindwa makusudi ili nisafiri.

Na msiogope kuzigeuza. Abunuwasi tuliyelelewa naye, yule mjanja aliyemlaghai mwenye chungu na kumchezea sultani, alikuwa mtu kweli: mshairi wa Baghdad wa karne ya 8, aliyekuwa maarufu kwa mashairi ya mvinyo. Alipofika pwani kwetu akavuliwa mvinyo, akatiwa akili ya kuwashinda matajiri. Mabibi walimfanya wanavyotaka. Basi nawe mtie Abunuwasi kwenye feri ya Likoni, foleni imekwama, askari wataka nauli mara mbili, uone watoto kama hawatainua macho.

Jambo la pili, kwa wanaotaka kuwarekodi wazee. Usimwekee mzee simu usoni ukamwambia "haya nyanya, tupe hadithi". Atakwambia amesahau, na hapo ndipo husahau kweli. Mpe kazi ya mikono. Mchele wa kuchambua, mbaazi za kupura, ukili wa kusuka. Kaa naye ufanye kidogo. Simu iwe kando imelala. Hadithi huja na kazi, yaja vipande, yaruka, arudi kumtukana jirani aliyekufa zamani, kisha amalizie. Usimkate. Yale matusi ya jirani ndiyo historia ya mtaa wenu.

Na muandike. Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mvita aliyefariki 1840, alikuwa akijibizana kwa mashairi na watu wa mji, akiwatia moyo Mazrui, watawala wa Mombasa, dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, akitania, akilalamikia njaa. Huo nao ulikuwa uzi, ila wenye vina. Hatungekuwa na mengi ya mashairi hayo lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya kutoka vinywani mwa watu miongo kadhaa baadaye, na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akayaandika pamoja naye. Mzee mmoja na daftari.

Kijana_wa_Majengo

Ngoja. Huyo Muyaka akilalamikia njaa kwa vina? Hiyo naitafuta. Shuleni tulipewa tu tuhesabu mizani.

Na sawa, nimekubali nusu. Bado nasema wa Ndia Kuu wabishe hodi.

Mvita_Ndotoni

Wabishe hodi, na waingie na kitu mkononi. Hapo tuko pamoja, kijana.

Mpwa_wa_Bara

Jamani nimerudi. Tulijaribu jana. Ladha, mke wangu alikaa kimya kisha akasema "ndiyo huu". Lakini uliumuka vizuri sana, mpaka ukakaribia kumwagika, tulipoutia kwenye sufuria ukashuka, ukawa bapa kama chapati nene. Matundu machache. Tulifanya nini?

Shangazi_Kuze

Mwanangu, mliuwacha ukazidi. Ulikuwa umeshachoka kabla ya kuona moto. Hamira haifuati saa, yafuata joto la nyumba. Huku kwetu wakati wa kaskazi nusu ya kijiko yatosha na saa moja yafika. Huko Nakuru kwa baridi huenda ukataka saa mbili na zaidi. Wewe tazama mapovu. Yakianza kupasuka juu na uji haujapanda maradufu, tia motoni hapo hapo, na usiukoroge tena, umimine kama ulivyo. Na huyo mke mwambie asiuguse kifuniko dakika kumi za mwanzo. Najua atautaka kuuona.